Vidole Visivyosomeka

Tarehe tatu Machi mashine ya mlangoni ilimkataa.
Aliweka kidole gumba, taa ikawaka nyekundu.
Akakifuta kwenye aproni, akakiweka tena: nyekundu.
Msimamizi akacheka, "Bogumila, leo hujafika kazini,"
naye Bogumila amesimama mbele yake.

Mimi ndiye niliyeichapa kesi yake
ghorofa ya pili, juu ya duka la baiskeli, mjini Hillegom.
Nilikuwa karani tu, nalipwa kwa saa,
kazi yangu kuyageuza maumivu yawe aya zenye namba.

Aya ya kwanza: miaka kumi na mmoja ghalani
akimenya vitunguu vya tulipu,
maganda ya kahawia, mepesi kama karatasi ya sigara,
na ndani yake utomvu usio na rangi
unaoingia chini ya kucha bila kupiga hodi.
Kwanza huwasha. Kisha ncha za vidole hukauka,
huwa ngumu, hupasuka.
Wenzake waliuita ugonjwa wa tulipu
kwa sauti ile ile ya kutaja mafua.

Nilimuuliza kuhusu glavu.
Walipewa, alisema, za plastiki nyembamba,
utomvu ukazipita kama chai kwenye chujio.
Aliyevaa nene alimenya polepole,
na aliyemenya polepole hakuitwa msimu uliofuata.
Sikujua hilo niliweke wapi.
Nikaliweka aya ya nne, peke yake.

Husemwa mchumia juani hula kivulini.
Yeye alichumia kivulini, chini ya taa za mrija,
na kula kukamshinda:
chumvi ya mkate iliingia kwenye nyufa.

Daktari Terpstra alimbandika vibandiko mgongoni,
safu tatu, siku mbili asioge.
Vilipobanduliwa, kimoja kilikuwa kimeacha duara jekundu
lenye malengelenge, duara kamili
kama muhuri wa posta.
Tulilipiga picha. Nilidhani yamekwisha.

Bima ikajibu kwa kurasa sita.
Je, mdai huosha vyombo nyumbani?
Je, ana bustani?
Je, mama yake aliwahi kuugua pumu?
Je, si kweli kwamba hupaka nywele rangi?
Bogumila alisoma kwa Kiholanzi chake cha ghalani,
kidole hakigusi karatasi,
akaniuliza: "Wanataka kujua kama mikono hii ni yangu?"

Habari ya mashine aliitaja kwa bahati,
siku ya mvua, akitafuta leso mkobani,
akiisimulia kama kichekesho.
Mimi sikucheka. Niliandika barua
kuomba kumbukumbu zote za mlangoni.

Zilikuja ndani ya boksi la viatu.
Nilizipitia usiku, na rula, na kalamu ya wino mwekundu.
Machi: nyekundu. Aprili: nyekundu, nyekundu.
Julai hakuna kitu, yuko kwa dada yake Tarnow
wiki tatu, akichuma hewa tu.
Aliporudi, siku nne mfululizo, kijani.
Siku ya tano, nyekundu.
Nikaweka rula chini.
Ghala lenyewe lilikuwa limetoa ushahidi,
kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tano,
wala halikujua.

Fidia ililipwa mwaka uliofuata.
Ilikuwa ndogo kuliko tulivyodai,
kubwa kuliko walivyoapa.
Ofisini walinunua keki. Bogumila alikula kwa uma.
Alipotia sahihi, kalamu ilimteleza mara mbili
na hakuna aliyesema neno.

Sasa anaendesha basi la shule.
Tulipu zikichanua, njia yake hupita katikati ya mashamba,
watalii wamejaa barabarani na kamera zao,
naye hupiga honi.

Juni alinipigia simu. Hakuwa na shida yoyote.
Alitaka kuniambia kwamba simu yake mpya
imekitambua kidole cha shahada.
Gumba, bado.