Daftari la Safu Mbili

Mstari wa katikati niliuchora kwa rula ya mbao,
Mchinji, mwaka wa sabini na nne, darasa la sita.
Kushoto: shangazi Enelesi, huku kwetu Malawi.
Kulia: shangazi Lojasi, aliyeolewa Zambia,
mwendo wa saa nne kwa baiskeli, kwa njia za panya.
Mwalimu alitaka hesabu ya kitu kinachobadilika.
Wenzangu walipima mvua.
Mimi nilipima mbegu.

Kushoto: debe moja, mbegu ya marehemu bibi,
punje nyeupe, ngumu kama changarawe.
Kulia: mfuko wa chama cha ushirika,
umeshonwa kwa uzi mwekundu,
chotara iliyopakwa dawa ya rangi ya waridi
hata viganja vya shangazi vikabaki vimeiva wiki nzima.

"Mbegu ya kununua?" Enelesi alicheka. "Kwani ghala lako limekufa?"
"Magunia manne kwa ekari," Lojasi akajibu, "nayo unaita mavuno?
Njoo uhesabu kwangu."
Nilikwenda, nikahesabu.
4, nikaandika. 16, nikaandika.
Nilipata alama zote, nikadhani nimeelewa.

Daftari halikuwa na safu ya kinu.
Mahindi ya Enelesi yalivuliwa ganda kwa mchi, kiini kikabaki kizima;
ya Lojasi yalipondeka mara moja,
nusu ya chakula ikatoka na pumba, kuku wakanenepa.
Wala sikuwa na safu ya fukusi.
Mwezi wa kumi ukitega sikio kwenye ghala la Lojasi
ungewasikia wakitafuna,
manyunyu juu ya majani makavu.

Nikakua. Nikaajiriwa forodhani, mpaka uleule,
kiti chenye mguu mmoja mfupi.
Daftari nililiendeleza, sijui kwa nini;
wengine huvuta tumbaku.

Tisini na mbili: 0 na 0.
Mvua ilichungulia mara moja mwezi Januari, ikarudi kwao.
Enelesi akachemsha mbegu ya mama yake,
kwanza zilizotoboka, halafu nzima,
halafu akaosha chungu kwa muda mrefu mno.
Tukala mahindi ya njano ya msaada,
na safu ya kushoto, mwaka uliofuata, nikaandika: *ya dukani*.

Kulia nako ushirika ulikufa. Lori halikuja.
Lojasi akapanda alichovuna cha ile chotara: 11.
Akapanda tena: 6.
Kushoto, kwa vocha ya serikali na mbegu mpya yenye punje ngumu: 9, kisha 14.
Nilitazama tarakimu zikipishana juu ya mstari wangu
kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akisema pita wewe.

Elfu mbili na sita, Enelesi, magoti yamevimba,
alipanda nyuma ya baiskeli yangu, akanyamaza njia nzima.
Alipofika hakusalimu vizuri.
"Nilikula ya mama," akasema. "Yote."

Lojasi akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko.
Mistari mitatu ya mahindi, karibu na shimo la majivu.
Alikuja nayo harusini, imefungwa kwenye pindo,
na miaka yote ile ya kujisifu
alikuwa akiipanda hapo, ya kula yeye mwenyewe,
maana ugali wa chotara, alisema, haukumshibisha.

Kumbe daftari lilikuwa la uongo tangu ukurasa wa kwanza.

Enelesi alipukuchua punje moja, akaing'ata.
Akaigeuza mdomoni.
"Nusu," akasema. "Upepo wa shamba lako umeingia."
"Nusu ni ya mama," akasema Lojasi.
"Nusu ya punje hii, au nusu ya zote?"
Hawakuafikiana mpaka jua likazama.

Kesho yake nilivaa sare, nikakaa kwenye kiti changu.
Sheria iko ukutani: mbegu isiyo na cheti haivuki.
Shangazi akaja na foleni, kitenge kimefungwa fundo la ukubwa wa ngumi.
"Una cha kutangaza?"
"Sina."
Nikalitazama fundo.
Nikagonga muhuri, wino ukawa hafifu,
nikagonga tena.