Hadi

Bili ya Machi imefika pamoja na theluji yake.
Aili Ruonavaara anaifungua kwa kisu cha siagi,
anavaa miwani, ananisomea herufi kubwa:
kasi ya hadi megabiti ishirini na tano.
Hadi.
Neno la silabi mbili tu,
limekaa mlangoni kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Juu ya jokofu liko daftari
alilokuwa akiandikia baridi ya kila asubuhi.
Siku hizi anaandika kasi.
Jumatatu, saa moja usiku: tatu nukta moja.
Jumanne: sifuri nukta nane, upepo wa ziwani.
Jumatano kapiga mstari.
Mstari maana yake hakuna.

Babu yake Eino alishuka shimoni hapa hapa,
kaskazini ya Michigan, chini ya mizizi ya misonobari,
akachimba shaba mpaka kifua kikajaa vumbi.
Shaba ikaenda mijini, ikafuliwa nyaya,
waya mmoja ukarudi kumsemesha mjane wake.
Ndio huo huo bado,
umening'inia kwenye nguzo zilizochoka kusimama,
pale ulipochubuka umefungwa mfuko wa mkate.
Humo ndimo apite mjukuu na hesabu zake,
humo ndimo apite daktari wa moyo, maili tisini kutoka hapa,
aliyeganda kwenye skrini Alhamisi, mdomo wazi,
katikati ya neno:
"Usi—"

Usiogope? Usichelewe? Usile chumvi?
Aili ameishi na kipande hicho siku nne.

Jioni nikampeleka ukumbi wa zimamoto,
mimi mpangaji wake wa chumba cha juu
ninayehesabu vidato kwa Kiswahili.
Tume ilikuwa imekuja kusikiliza wananchi:
intaneti ianzie kasi gani ndipo iitwe ya kasi?
Kijana wa kampuni akatandaza ramani,
buluu tupu, kutoka ziwa hadi ziwa.
"Nyumba yako, mama, imefikiwa."

Aili akainuka na daftari lake.
"Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja.
Sikumpa mtoto alama ya mwaka mzima
kwa siku moja aliyoamka vizuri.
Na wewe, ukinunua kwangu hadi lita nne za maziwa,
ukafungua kopo ukakuta kijiko,
utaniita nani?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Hapa anayevuka ziwa lililoganda
haulizi barafu ni nene wapi.
Huuliza ni nyembamba wapi.
Basi niambieni wembamba wenu.
Saa moja usiku, watoto wote wamerudi,
upepo unavuma, waya umelowa:
mnanipa ngapi ambayo haipungui?
Hiyo ndiyo muiandike kwenye bili.
Ikiwa mnaionea aibu, msiiite kasi."

Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa.
Kijana akakunja ramani, na buluu yake ndani.

Njiani theluji ilikuwa ikitujia usoni kwenye kioo,
nami nikawaza, lugha yangu husema ahadi ni deni.
Hawa wameing'oa herufi ya kwanza,
wakatuuzia hadi,
na deni wakatuachia sisi.
Nilijaribu kumweleza Aili. Kwa Kiingereza mzaha ukafa.
Lakini akaniomba niyaandike maneno yote mawili
pembeni ya daftari, chini ya Jumatano.

Kisha akaketi mezani na kalamu nyekundu,
mwalimu kamili, ulimi kwenye pembe ya mdomo.
Tatu nukta moja, siku bora ya juma lile,
gawanya kwa ishirini na tano,
zidisha kwa dola sitini na tisa.
Akaandika hundi ya dola nane na senti hamsini na sita,
na kwenye mstari wa maelezo,
kwa mwandiko wa ubaoni, mviringo, usio na haraka:
Malipo ya hadi dola sitini na tisa.

Akalamba bahasha.
"Sasa," akasema, "tuone watakavyolisoma."