Karatasi za Njugu

Kibao chetu kiko nyuma ya duka la mbolea, Tororo,
vumbi la saruji limekilalia hata herufi zimefura.
Fundi aliyekichora aliniuliza, brashi mkononi:
"Faragha ya mgonjwa? Kwani mgonjwa naye ana fungate?"
Nikacheka, nikamlipa, nikaenda nyumbani
na swali lake, mpaka maji ya ugali yakakaukia jikoni.

Miaka sita sasa. Tuko watatu:
mimi ninayeitwa mkurugenzi, Obbo wa hesabu,
na Nyafwono, aliyepoteza kazi ya uuguzi
kwa kukataa kuita foleni ya dawa kwa kipaza sauti,
jina na ugonjwa, jina na ugonjwa,
kama mnada wa mbuzi.

Jumanne, sokoni, nilinunua njugu za mia tano.
Nilizila nikitembea, bila adabu,
na ilipobaki chumvi tu katika ncha ya koni
nikaona mistari. Safu. Tarehe.
Umri. Kijiji. Jina.
Na pembeni, kwa wino mwekundu,
ile alama ambayo mji mzima unajua kuisoma.

Nilirudi mbio. Mama Nyaketcho akanitazama:
"Mimi sijui kusoma, mwanangu.
Najua tu karatasi nene haipitishi mafuta."
Nazitaka zote, nikasema.
"Njugu zote? Una harusi?"
Nina wageni, nikasema, na huo ulikuwa uongo,
au labda haukuwa.

Ofisini tulimwaga njugu kwenye beseni la kufulia.
Nyafwono akatoa amri: mkono unyooshe, jicho lisisome.
Obbo alifumba macho kabisa, akapapasa kama kipofu,
akilaza kila ukurasa kifudifudi.
Lakini macho hayana pazia.
Mimi, niliyesimama mbele ya madiwani
nikapiga meza kwa ajili ya siri za watu,
nilisoma jina moja.

Sitalitaja. Hata hapa.
Dhanini ni mwanamume, dhanini ni mwanamke,
dhanini anauza maziwa au anafundisha hesabu.
Kesho yake asubuhi alinisalimu kama kawaida
nami nikajibu kama kawaida,
ila sauti yangu ilitoka imepigwa pasi mno,
akageuka kunitazama mara ya pili.
Mara hiyo ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Nilizipeleka kurasa kituo cha afya, ndani ya mfuko wa unga.
Mganga mkuu alikuwa amechoka, si mtu mbaya.
"Shimo la kuchomea lilijaa mvua," akasema,
"tukampa mlinzi azitupe. Mlinzi ana watoto saba."
Nikamwomba asaini kwamba amezipokea.
Akatafuta mezani, akafungua droo, akafunga.
Daftari la kusainia hakuna.
Akasaini kiganjani mwangu, tukacheka wote wawili,
kisha tukanyamaza, kila mmoja kwa sababu yake.

Jioni, mfadhili ameandika kutoka mbali:
anataka simulizi ya mafanikio,
jina kamili, picha ya uso,
ikiwezekana akitabasamu.
Nimemtumia picha ya beseni la njugu.
Hajajibu. Mwenye nyumba, yeye, amejibu:
kodi ni Ijumaa.

Njugu tunazila bado. Zimeanza kuwa chungu
na Obbo anazihesabu kama mshahara.

Rejista ile ilikuwa na kurasa mia moja.
Tulirudisha sitini na moja.
Kwa hiyo nikipita stendi, au nje ya kanisa, au penye mpira,
siwatazami watu usoni siku hizi.
Nawatazama mikononi,
nasubiri wamalize kutafuna.