Uzito: Mchanga

Miezi saba tu ilidumu ile shule,
pale Matamba, chini ya nyika ya Kitulo.
Vita viko mbali, baridi iko hapa,
na ndege hazina injini. Ndiyo, hazina:
mbao, gundi, kitambaa kilichopakwa dawa
iliyowauma mafundi kichwa hadi ndotoni.

Lori huvuta kamba ya chuma,
ndege hupanda kama tiara,
kisha kamba huachiwa, pwaa! majanini,
na hapo kazi ya babu ndipo inapoanza:
kuikimbilia, kuirudisha,
mara thelathini kwa siku, miguu peku juu ya sakitu.
Obadia Tweve, mrudisha kamba.
Shilingi tisa kwa mwezi, blanketi moja, chumvi.

Wanafunzi walijifunza kutua kimya
katika nchi ambazo hawakupelekwa kamwe.
Aliyeruka peke yake alihitaji uzito kiti cha nyuma:
gunia la mchanga wa mtoni, ratili mia na hamsini.
Asubuhi moja ya Juni gunia likapasuka.
Sajini akatazama huku, akatazama kule,
akampima babu kwa macho
kama mtu anayenunua mbuzi.

Dakika kumi na moja.

Babu hakutusimulia mawingu.
Alisema: nilimsikia mbwa wa Chaula akibweka,
huko huko juu,
nikamwona mwanamke akitwanga,
mchi unatua kwanza, sauti inafuata.
Nikaziona njia zetu zote. Kumbe tunazunguka sana!
Alisema pia, akicheka, kwamba alijikojolea kidogo.

Agosti ikaja amri ya mstari mmoja, wakafunga.
Mabawa yakachanwa, yakauzwa kwa yadi;
bibi akamshonea shangazi gauni la kipaimara
likanuka dawa hadi Pasaka.
Kamba babu aliichukua bila kuomba.
Bado inafunga lango la zizi.

Daftari la safari nimelisoma mwaka huu,
karani amesimama nyuma yangu kama askari:
tarehe, upepo, jina la rubani, dakika kumi na moja.
Safu ya mwisho, uzito wa nyuma: mchanga.

Nikaomba penseli. Akakataa, na ni haki yake.

Mchanga, basi.
Mchanga ulioteremka magoti yakiutetemeka,
ukaambiwa: kamba ile, haraka,
nao ukakimbia.