Usukani wa Kushoto

Bwana Kisimba wa bima alipiga teke gurudumu,
akafungua boneti, akauliza mwaka.
"Hii ina mifuko minne ya hewa," akasema,
"na usukani uko kushoto. Bima itashuka."

Ile yetu ya zamani iliingia kwa Kasumbalesa
usukani ukiwa kulia, redio ikisema Kijapani.
Miaka kumi na mmoja, barabara ya Likasi,
mbele yangu lori la shaba, pana kama ukuta,
sioni kitu ila vumbi na turubai.
Macho yangu yalikaa kiti cha kushoto:
Kabedi akichungulia, mkanda umemkaza bega,
"Ngoja. Ngoja. Sasa, pita!"
Nikipita. Sikuwahi kuuliza mara mbili.

Mwezi wa tano alisema pita.
Taa zilizotujia zilikuwa kubwa kama sahani.
Tuliponea chupuchupu.
Hakusema neno. Alifuta miwani kwa kitenge,
akaifuta tena.

Siku hizi hupapasa meza kabla ya kushika kikombe.
Sijasema kwamba nimeona.

Basi nimelipa. Kiwanja cha Kasapa kimekwenda.
"Ile ilikuwa na ubaya gani?" ananiuliza.
"Bima," namjibu. "Watu wa bima unawajua."
Ananyamaza, anavuta mkanda.

Pale Katuba, nyuma ya lori la makaa,
njia naiona yote, mimi mwenyewe, hadi kule mwisho.
Hata hivyo namuuliza.

"Ngoja," anasema.

Nangoja.