Ufunguo wa Ubao

Ubao wetu ulikuwa mzuri, msinibishie.
Mninga mtupu, kioo, kufuli la shaba.
Mimi ndiye niliyeshika ufunguo,
karani wa chama cha msingi hapa Kitangari.
Kila tangazo lilipita mkononi mwangu:
nikanyoosha sarufi, nikagonga muhuri,
nikabandika Jumatatu.

Bi Somoe Nang'ulu hakuwa na ubao.
Alikuwa na ukuta wa mashine ya kusaga,
akaupaka kisamvu kilichotwangwa na betri kuukuu
kama tulivyopaka shuleni zamani,
akaning'iniza kopo la chaki.
Basi.

Nilicheka. Mtu wa kwanza aliandika:
MBUZI KAPOTEA. PEMBE MOJA.
Chini yake mwingine: Kilichopotea ni pembe au mbuzi?
Chini tena: Nimemwona kwenye mihogo ya Litunungu.
Na Litunungu mwenyewe, kwa herufi za hasira:
HAJALA BURE. MWENYEWE AJE NA FIDIA.
Debe la mahindi halijaisha kusagwa,
mbuzi kesharudi, na mji mzima unamjua kwa jina.

Kwangu angesubiri Jumatatu.

Nikasema ni foleni tu:
mtu anangoja unga wake, afanye nini?
Nikauhamishia ubao palepale,
hatua nane kutoka ukutani.
Wakaegemeza baiskeli kwenye nguzo zangu
wakaenda kuandika.

Nikasema mvua itawafundisha.
Ikanyesha usiku kucha, ikafuta yote:
madeni, salamu, tusi moja la Mchopa.
Asubuhi walishangilia nafasi,
wakagombea kipande cha chaki.

Msimu wa mnada nilibandika bei,
na senti zake, na makato yake, safi.
Wanawake walisimama mbele ya kioo,
wakajifunga vizuri vilemba vyao,
kisha wakavuka kwenda kusoma bei ileile,
imenakiliwa kwangu na mtoto wa darasa la tano,
saba yake imelala chali.
Chini yake: Salfa wameshakata?
Chini: Nandonde, soma hapa kabla hujauza kangomba.
Chini: Nimesoma. Nimechelewa.

Hilo la Nandonde nililisimamia muda mrefu.
Maneno matatu. Hayana muhuri.
Kwenye ubao wangu yangekaa wapi?

Nilimuuliza Bi Somoe siri yake.
Akapangusa unga kwenye nyusi.
"Siri gani? Chaki nanunua mia mbili."

Mwezi uliopita, nikitoka kisimani
na madumu mawili, giza limeingia,
nilijipapasa mfukoni: hamna kitu.
Nilitazama huku na huku kama mwizi.
Nikaokota chaki:

UFUNGUO UMEPOTEA. WA SHABA, MDOGO.
ATAKAYEUONA AMLETEE KARANI.

Alfajiri niliwahi kabla ya mashine kuwashwa.
Jibu lilikuwepo, mwandiko wa kitoto,
saba yake nisingeikosea kuijua, tarehe pembeni:

Pole, karani. Ulikuwa unafungua nini?