Mengineyo

Ajenda namba tatu: milingoti ya Benigna Luvanda
iliyoko juu ya chemchemi ya Lugodi.
Wajumbe themanini na wanne. Ukungu wa Mufindi ulihudhuria, haukusaini.
Tulikaa kwenye ghala la pareto, kila mtu na koti lake,
pumzi zikiyatangulia maneno kutoka mdomoni.

Hoja aliileta Osmundi Chengula:
vinyungu vimekauka tangu Juni,
maharage yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa,
mabinti wanashuka hadi mto wa pili, wanarudi saa nne usiku.
"Miti ni yako, mama, hakuna anayebisha.
Ila maji yanayopanda ndani ya miti, hayo ni ya nani?
Mizizi haijawahi kuona hati ya shamba."

Nikaandika: Ndugu Chengula alieleza hali ya maji.

Mwalimu Fulgensi, mstaafu, akasimama, kofia mkononi.
Haki ni mizani, alisema. Weka kaya tisini upande huu,
weka kaya moja upande ule, halafu utazame ulimi wake.
"Wengi wape," akamalizia,
akaketi kama mtu aliyefunga mlango.

Benigna hakusimama. Goti lake halielewani na baridi.
"Wengi wape, naisikia tangu nikiwa mgongoni.
Lakini methali haijasema wapewe kitu cha nani.
Kila mti pale una kazi yake:
huu ada ya Deodata, ule bweni, ule wa pembeni godoro.
Kwenye mizani ya mwalimu mimi ni kaya moja.
Ndani ya ngozi yangu, mwalimu, mimi ndio wote."

Nikaandika: Mwenye miti alitoa maoni yake.

Mtu akataja fidia. Mfuko wa maji una laki moja na arobaini,
na deni la pampu. Kikapita kicheko kidogo, cha aibu.
Kijana wa Kikoti akasema wasiozaliwa nao wana kiu tayari.
"Basi nao walete mikono," ikajibu sauti ya nyuma,
na hiyo sikuiandika.

Chini ya kiwiko changu kilikuwa kitabu cha zamani,
jalada limeliwa na mende, mwandiko wa baba yangu.
Ukurasa wa arobaini na moja naujua kwa vidole:
Bwana misitu ameleta miche. Kijiji kimeazimia
ioteshwe juu ya chemchemi, kilima kipate kivuli.
Mama Luvanda amejitolea eneo. Wote wameafiki. Makofi.

Wote. Neno lile lile, wino mwingine.

Benigna alikitazama kitabu, kisha akanitazama mimi.
Hakusema kitu. Pengine amesahau.
Pengine alikuwa ananipa nafasi.

Nilipima. Nikisoma, tutabishana hadi mvua,
na mabinti wataendelea kushuka mto wa pili,
mmoja wao wangu.
Nisiposoma, hakuna uongo nitakaokuwa nimesema.
Ndivyo nilivyojiambia: hakuna uongo.
Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kalamu,
na mkono wenye kalamu, kwa desturi yetu, hauhesabiwi.

Walionyoosha: themanini na wawili.
Aliyekataa: mmoja.
Kazi ianze Jumatatu, kila kaya shoka moja.

Muhtasari huthibitishwa kikao kijacho.
Shoka halingoji kikao kijacho.

Nimefika namba saba, Mengineyo,
na kalamu imegoma kwa baridi; naipulizia
kama anayempoza mtoto uji.
Binti yangu ameingia sasa hivi na ndoo, nusu.
Nusu nyingine ameiacha kwenye mwinuko.
Ameuliza, akijifuta miguu, kama walikubaliana.

Nimemjibu: wote.